Daktari wa Bondia

4 Februari

Mwanangu,

Natumaini u mzima huko hotelini kwenye mashuka ya watu. Sisi hapa tunapumua. Baba yako magoti bado yanamsumbua ila mdomo hauna ugonjwa. Juzi alinitengenezea saa ya ukutani bila kuombwa, na yeye fundi saa mzima ameiacha ikienda kinyumenyume. Biashara ya kuku haijambo. Mwenye mgahawa wa stendi amelalamika eti kuku wangu mabawa madogo, nikamwambia akitaka mabawa makubwa akanunue tai.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Nataka unitafutie daktari wa akili. Huku yuko wa meno, wa macho na wa mifugo, na huyo wa mifugo ndiye mwenye adabu kuliko wote. Huko kwenu mji mkubwa hawezi kukosekana. Ni kwa ajili ya mwanangu, kaka yako Bondia.

Tangu baba yake afariki amekuwa akisema na watu nisiowaona, nao wanamjibu vibaya. Wiki iliyopita seremala wa jirani alikuwa akigongelea misumari kwake, Bondia akasikia nyundo inamtukana. Akaruka ukuta. Seremala sasa anakula kwa mrija, taya limefungwa waya, na mkewe akipita mlangoni kwangu anatema mate. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningetema zaidi.

Visu vyote vya kuchinjia nimevifukia chini ya banda. Kuku nawapeleka kuchinjiwa kwa watu, narudi nao kunyonyoa. Kinachotuokoa ni ile rimu ya gari ambayo marehemu mume wangu aliitundika uani iwe kengele ya mazoezi. Alimfunza tangu mdogo: ikilia, acha kila kitu, nenda kona, kaa. Ikilia tena, inuka upigane. Basi akichafuka naigonga mara moja tu. Hata kama amemkaba mtu koo anamwachia, anakwenda pembeni, anakaa anahema. Kisha naifunga rimu kwa gunia isije ikalia tena, na sufuria haziguswi mpaka usingizi umchukue. Ndivyo tunavyoishi.

Tafuta anayejua kazi yake. Na usitangaze. Hapa sokoni nasema anaumwa mgongo.

Shangazi yako.


21 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nashukuru kwa barua. Mimi mzima, ila mashine mpya ya kupigia pasi imenila ncha ya kidole na msimamizi wangu amesikitikia shuka. Msalimie Baba, mwambie saa yangu nayo imesimama lakini asije.

Daktari nimeanza kumtafuta. Mji huu, Shangazi, kila mtu anajua wendawazimu wanakaa wapi na hakuna anayejua wanatibiwa wapi. Nilikwenda hospitali kubwa. Mlinzi wa getini akaniuliza, "Akili ya nani, yako?" Nikasema ya ndugu. Akacheka, akasema wote husema ya ndugu. Akanipandisha ghorofa ya juu kabisa, nikapanga foleni asubuhi nzima, kumbe ni ya masikio. Kazini nimeuliza kwa kuzunguka, sasa wenzangu wananipisha njia nikishika pasi.

Kuna mmoja ana kibao barabarani: mtaalamu wa akili, mapenzi na kazi. Nikasema nione. Chumba cha nyuma kina kijana amefungwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda, na mtaalamu anamchapa nyayo kwa waya wa umeme, eti akili ililala, inaamshwa. Nyayo zile zilikuwa wazi, nyama nje. Kijana hakulia tena, alikuwa anatikisa kichwa kila waya unaposhuka. Mtaalamu akanigeukia akitabasamu, akaniambia ningoje, yuko karibu kumaliza.

Sijui nini kilinipanda. Nilichukua kigoda nikampiga nacho mgongoni, na alipogeuka nikampiga cha uso. Alinikamata nywele akanikokota hadi nje, akanibamiza kwenye kibao chake mwenyewe. Nimerudi nyumbani na kiatu kimoja. Polisi niliowaendea wakaniuliza kwanza mimi nilikuwa nimekwenda kutibiwa nini.

Basi huyo tumfute. Naendelea kutafuta.

Binti ya kaka yako.


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimemsomea baba yako hicho cha kigoda, amecheka hadi magoti yakapona kwa dakika. Mwana hutazama kisogo cha nina, wanasema, lakini wewe umetazama kisogo cha shangazi. Kuku nane wamekufa kwa kideri, na paka amezaa kwenye kabati la nguo zangu nzuri.

Cheko limeishia hapo. Jumamosi Bondia alinifuata sokoni bila mimi kujua. Msukuma mkokoteni alipiga kelele za kuomba njia, kama wanavyopiga siku zote, na Bondia akamshukia. Alimpiga akiwa amesimama, akampiga akianguka, akaendelea kumpiga akiwa chini, na kila ngumi alikuwa anamwuliza, "Nani amekutuma?" Mtu hana meno ya kujibia na bado anaulizwa. Rimu iko nyumbani. Nilinyakua mfuniko wa pipa langu la kunyonyolea kuku nikaugonga kwa mwiko, ndipo akaacha, akaenda kuchuchumaa kwenye kona ya bucha.

Hapo ndipo soko lilipomwona amekaa. Alipokuwa anapiga walikimbia wote. Alipokaa wakawa mashujaa. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni, la pili kwenye jicho. Yeye hakuinuka, kengele ilikuwa haijalia. Alikaa vile vile damu inamwingia mdomoni, mikono juu ya magoti, akiwatazama. Mmoja akaja na tairi, na nyuma yake mwingine ana galoni. Unajua tairi na galoni maana yake nini.

Nilichota kwa sufuria maji yanayochemka kwenye pipa nikasimama mbele ya mwanangu. Nikawaambia atakayesogea namnyonyoa. Wa tairi akasogea. Nikammwagia miguuni, akaruka akipiga mayowe, ngozi imebaki kwenye kandambili. Walirudi nyuma, si kwa huruma, kwa sababu sufuria ilikuwa bado na maji.

Mkuu wa soko amenifuata nyumbani kwa heshima zake zote. Amesema safari nyingine hatawazuia. Nikamwuliza safari hii alimzuia nani.

Mtoto huyu watamwua, mwanangu. Ama yeye ataua, ama watamwua. Fanya haraka.

Shangazi.


2 Aprili

Shangazi, shikamoo. Poleni sana. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Jirani wa mlango wa pili amejifungua mapacha, kwa hiyo usingizi nimeusahau. Dari linavuja pale pale juu ya kitanda.

Nimempata. Mpishi mmoja pale hotelini aliniita pembeni nyuma ya majiko, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mkewe alikuwa akipasua vyombo na kujikata mapaja, na sasa anauza nguo za watoto, mtulivu, anatukana kama watu wote. Akanielekeza. Ni mama mtu mzima, mfupi, anavaa ndala kazini, kliniki yake iko juu ya duka la pampu za maji. Nilijiandaa kumweleza kwa kuzunguka, akanikata: "Anasikia sauti? Anapiga? Anakula?" Nikajibu. Akasema ni ugonjwa, una dawa, na amewaona wengi kama yeye wakirudi kazini. Shangazi, nilitamani kumshika miguu.

Ila ana masharti. Hatoi dawa kwa mtu asiyemwona. Na mgonjwa lazima akae mjini na ndugu, ili aletwe kuchomwa sindano kila baada ya wiki mbili.

Ndugu wa mjini ni mimi peke yangu. Nina chumba kimoja, mlango mmoja. Siku tuliyomzika baba yake alinikuta jikoni nikiosha vikombe, akanishika shingo kwa mikono miwili akaniinua nikaacha sakafu, mpaka ulipogonga ile rimu. Ulisema nimsamehe, nikamsamehe. Shingo yangu haijasamehe. Nikisikia mtu nyuma yangu hata leo naishika kwanza.

Chumbani kwangu hapana, Shangazi. Niambie nitafute njia nyingine, na nitaitafuta, lakini hiyo hapana.

Mpwa wako.


11 Aprili

Kwa binti ya kaka yangu,

Sisi wazima.

Nilikulea wewe na yeye sahani moja. Mama yako alipokuacha na surua ni mimi niliyekulaza kifuani, na Bondia akalala chini bila kulalamika. Leo una mji, una mlango, na mlango wako una komeo. Shingo yako naiona bado iko juu ya mabega, nashukuru Mungu kwa hilo.

Mwana akikunyea mkono huukati. Mimi sikati. Wewe umekata, basi kaa na mkono wako safi.

Usijisumbue kuandika.

Shangazi yako, kama bado unalitaka jina hilo.


14 Mei

Shangazi, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Namba ya Baba haipatikani. Nimeona daktari tena, nimeomba kama kuna wodi atakayopokelewa bila kupitia kwangu. Amesema nafasi hutokea mtu akifa au akipona, na vyote viwili vinachelewa.

Hasira nazielewa. Kimya ndicho kinachonitisha. Niandikie hata tusi.


29 Mei

Mwanangu,

Usishangae mwandiko. Naandikiwa na jirani yetu fundi cherehani, mimi nasema yeye anaandika. Niliteleza kwenye maji ya kuku nikaanguka, mkono wa kulia umeumia kidogo. Sisi wazima. Baba yako amemaliza dawa za magoti na anatembea hadi barabarani kugombana na wapita njia. Paka wamekua.

Nilikuandikia kwa hasira. Hasira hasara. Kama daktari bado yupo, mwulize anaweza kumpokea lini. Bondia hajambo, ametulia, haina haja ya kuogopa. Ni vizuri tu aonwe.

Shangazi yako.

Hapa ni mimi fundi cherehani, yeye amekwenda kuwapa kuku maji na mimi namalizia bahasha. Dada, hakuanguka. Mkono umevunjwa mara mbili, juu na chini ya kiwiko, mfupa tuliuona. Alikuwa amelala uani tangu asubuhi, na baba yako anapiga kelele dirishani hawezi kushuka ngazi, hiyo ya kutembea hadi barabarani nayo si kweli. Mkewe seremala ndiye aliyeruka ukuta kumfunga mkono kwa mbao za mumewe, yule yule anayetema mate. Hospitalini amesema ameanguka, na sisi ametuapisha. Mimi sikuapa vizuri. Fanyeni mfanyalo, safari ijayo tutaandika barua ya msiba.


4 Juni

Shangazi, shikamoo na pole ya kuanguka.

Mlete. Nimeongea na dereva wa lori la vifaranga, yule aliyekuwa akifuata mapambano yake yote. Atakuja naye Jumatatu. Atalala kwangu. Komeo nimelihamishia nje, akichafuka nitoke nimfungie.

Usije wewe na mkono huo. Nitakuandikia kila kitu.

Binti yako.


18 Juni

Shangazi, shikamoo.

Natumaini mkono unapoa. Naandika nimelala ubavu, utajua kwa nini.

Mngeniambia tu. Alishuka kwenye lori amefunga mikono bendeji, taulo shingoni, akanisalimia vizuri sana, akaniuliza mpinzani ana uzito gani. Nikamgeukia dereva, dereva akawa anakagua matairi. Kumbe mlimwambia anakuja mjini kwenye pambano. Najua asingepanda kwa maneno mengine. Lakini mlimtoa huko anaumwa, mkanikabidhi anaumwa na yuko tayari kupigana.

Tulikwenda moja kwa moja kliniki. Chumba cha kungojea kina mabenchi, kabati la vioo la majalada, na meza ya nesi. Watu wamejaa. Bondia akasimama mlangoni akiwapitia macho mmoja mmoja, akimtafuta wake. Nikamwambia mpinzani hajafika. Akaitikia kwa kichwa, akaanza kurukaruka pale pale, taratibu.

Nesi ana kengele ndogo ya mezani. Kila mgonjwa akitoka anaigonga, anayefuata anaingia. Sikujua, na ningejua wapi. Akaigonga. Bondia akaacha kurukaruka, akaenda kwenye kona karibu na ndoo ya maji, akakaa chini, kidevu juu. Mimi nikashukuru. Nilikaa kabisa nikashukuru, Shangazi, nikavua na kiatu kilichokuwa kinaniuma. Ndipo nikakumbuka kwamba wagonjwa huitwa mmoja baada ya mwingine.

Niliinuka nimkimbilie nesi. Mlango wa daktari ulikuwa umeshafunguka, mgonjwa anatoka, na mkono wa nesi ulikuwa mwepesi kuliko miguu yangu.

Bondia akainuka. Wa kwanza mbele yake alikuwa mhudumu, jitu zima, alikuja kumwuliza kama amepotea. Ngumi moja, pua ikalala shavuni. Mhudumu wa pili alimrukia kwa nyuma. Akamchomoa mgongoni akamrusha kwenye kabati, vioo na majalada vikamwangukia, nikaona damu inatoka kwenye paja lake kwa kuruka. Watu walikanyagana mlangoni. Mzee mmoja aliyemleta mkewe alibaki amemkumbatia, hakutaka kumwacha, akapigwa kiwiko akatema meno kwenye kilemba cha mkewe. Nikasimama mbele ya Bondia nikamwita kaka. Alinitazama, Shangazi. Alinijua. Akanipiga chini ya titi, nikasikia kitu kikivunjika ndani, nikaanguka nyuma ya benchi nimejing'ata ulimi.

Aliponivuka akamrudia yule wa kabati akamkaba. Mtu alikuwa anapiga sakafu kwa kisigino, halafu kisigino kikaanza kuchoka. Nesi alikuwa chini ya meza ameikumbatia kengele. Nilitambaa juu ya vioo nikamwambia anipe, hasikii, anapiga mayowe tu. Nikamng'ata mkono ndipo akaiachia. Nikaigonga mara moja, kisha nikaishika kwa vidole vyote isitetemeke.

Akamwachia. Akarudi kona. Akakaa.

Daktari alikuwa amesimama mlangoni kwake na ndala zake. Nilimweleza kwa kuhema: baba yake, kengele, kona. Hakuniuliza mara mbili. Alichukua taulo lililoanguka na chupa ya maji, akaenda akapiga magoti mbele yake kama wanavyofanya wale wa pembeni mwa ulingo, akamfuta uso, akamnywesha, maji mengine akamwagia kichwani. Akamwambia, "Unapigana vizuri, ila umechoka. Nipe mkono." Bondia akampa mkono. Sindano ikaingia. Akauliza, "Naongoza?" Daktari akamwambia bado mapema.

Yuko wodini sasa, wodi ya daktari huyo huyo, nafasi ilipatikana baada ya fujo ile bila kungoja mtu afe. Wahudumu wote wawili watapona. Mbavu zangu mbili zimevunjika, na hotelini wamenipa likizo bila malipo.

Daktari aliniuliza nyumbani ameumiza nani. Nimemwambia wote, pamoja na wewe. Fundi cherehani usimguse, alifanya la utu.

Binti yako.


27 Juni

Binti ya kaka yangu,

Pole ya mbavu. Sisi wazima.

Umenivua nguo mbele ya mtu nisiyemjua. Nimesema nilianguka, na aliyeanguka ni mimi, wewe hukuwepo. Unajua wataandika nini? Wataandika kwamba huyu ni mtu wa kupiga mama yake, na mtu wa kupiga mama yake nani atamfungulia mlango? Nani atampa kazi, nani atampa mke? Nenda ukamwambie daktari afute. Mwambie shangazi yangu ni mzee, anateleza.

Shangazi yako.

Ameketi mbele yangu akisoma kila herufi, siongezi kitu. Fundi cherehani.


30 Julai

Shangazi, shikamoo.

Natumaini nyote wazima. Mapacha wa jirani wameota meno na wananiuma mimi. Nimerudi kazini, nimewekwa kwenye kukunja taulo mpaka mbavu zishike.

Bondia anapona. Ninaandika neno hilo nikiogopa, lakini ndilo. Amenenepa, mikono inamtetemeka kidogo, mate yanamtoka akisinzia. Zile sauti anasema zimehamia mbali, anazisikia kama watu wa nyumba ya pili. Anacheza dama na yule mhudumu wa pua, na anafungwa kila siku.

Tatizo ni hili. Anakumbuka. Akili inavyorudi inarudi na mizigo yake. Seremala anamkumbuka, msukuma mkokoteni anamkumbuka, amenitazama ubavu akalia mpaka akatapika. Anawataja mmoja mmoja kwa daktari kila asubuhi. Na akifika mwisho anasema, kila siku, kwa maneno yale yale: "Angalau mama sijawahi kumgusa."

Ananigeukia nimwitikie. Mimi nimekuwa nikiangalia ukucha wangu.

Na kila wiki anauliza sindano zitakwisha lini. Daktari ameniambia wazi: mtu anayejiona amepona na hajui alilolifanya ataacha dawa, na akiacha atarudi kule kule, na safari hiyo ndani ya nyumba utakuwa wewe, yeye na magoti ya Baba. Hatamruhusu kurudi kwako juu ya uongo. Lakini pia anaogopa. Mtu akiambiwa hilo vibaya anaweza kujiua mwenyewe bila kusubiri tairi la mtu. Anasema mwenye mkono ndiye aseme.

Shangazi, maneno ya kukusukuma sina tena. Amua.


12 Agosti

Mwanangu,

Mwandiko ni wangu, ndiyo maana mbaya. Mkono umeunga lakini umeunga upande.

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nanyonyoa. Alitoka ndani akasema kuku wanamsema, nikamwambia wamekufa hao, hawasemi. Akasema wewe unawatetea. Rimu ilikuwa nyuma yangu, ningeinyooshea mkono ningeifikia. Sikuigonga. Nilijiambia ya wengine hayo, mimi mama yake. Akachukua nondo ya kugongea rimu. Ya kwanza nilikinga, mkono ukaenda. Ya pili sikukinga, ilikuja mkono ule ule. Nilimwita jina alilopewa na baba yake, si hili la ulingoni, akanyanyua ya tatu, ikanipita sikioni ikavunja pipa, maji ya moto yakanimwagikia mapaja. Hayo hata fundi cherehani hajui.

Halafu akaitupa nondo. Akaenda akaniletea kikombe cha maji, akanishikia kichwa nikanywa. Akaniuliza, "Mama, nani kakufanyia hivi?" Akatoka kwenda kumtafuta, akamtafuta siku nzima.

Sasa nimeandika, na sijafa. Mficha maradhi kifo humwumbua, na kifo karibu kituumbue wote. Usimwambie wewe. Nakuja na lori Alhamisi nimwambie mwenyewe, mkono nikiwa nimeuweka mezani. Akinipiga kwa kusikia, basi atanipiga daktari akiwepo.

Shangazi yako.


3 Septemba

Mwanangu,

Sikukusubiri utoke kazini, lori halingoji, na mimi sikutaka unione nilivyokuwa. Huku wazima. Baba yako anauliza habari zenu kutwa, unamjua.

Daktari aliniingiza peke yangu. Mtoto amenenepa kweli. Aliinuka akanikumbatia kwa uangalifu, kama anavyoshika mtu yai, akaniuliza habari za kuku. Nikamwambia kaa. Nikavua kitambaa nikaweka mkono juu ya meza, na ulivyopinda haukuhitaji maelezo mengi. Nikamwambia, "Aliyefanya hivi ni wewe." Akasema hapana, ni wale. Nikamwambia wale hawapo, mwanangu, ilikuwa wewe na nondo, na mimi nilikuona uso wako mara zote. Nikafunua na mapaja. Nilimwambia kila kitu, hadi kikombe cha maji.

Aliinuka akaenda ukutani. Alipiga ukuta kwa ngumi ya kulia mpaka rangi ikawa nyekundu, hakupiga kelele, nilisikia mifupa tu. Wahudumu waliingia mbio, daktari akawainulia kiganja. Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Niliogopa, sitakuficha. Nikamwekea huu mkono uliopinda mgongoni, nikauacha hapo. Alipiga mara nyingine, kisha akalaza paji la uso ukutani, analia kama siku aliyozaliwa, na mimi nalia.

Alipogeuka hakunitazama mimi, alimtazama daktari. Akauliza, "Hizo sindano ni mpaka lini?" Daktari akamwambia pengine maisha yake yote. Akakunja mkono wa shati kwa kile kiganja cha damu, akamnyooshea. Akasema, "Basi nichome."

Nilikuwa nimekwenda na nguo zake kwenye mfuko, kumbe nilijua moyoni kwamba narudi naye. Nikamwambia, mwanangu, daktari akiruhusu twende zetu. Akatikisa kichwa. "Nenda mama. Mimi bado."

Nimelia njia nzima. Yule dereva akavumilia, mwishowe akasimamisha lori kando, akaniuliza nimefiwa na nani. Miezi yote nimewaambia sokoni mgongo, mgongo, na yeye mwenyewe alikuwa amejifanya anakubali kuwa ni mgongo. Nikamwambia sijafiwa. Mwanangu ana ugonjwa wa akili, alinivunja mkono, na amepata daktari. Akazima injini, akaniuliza daktari huyo yuko mtaa gani, ana mdogo wake.

Nimempa jina la mtaa, na nimemtajia wewe umwonyeshe mlango.

Shangazi yako.